Kukadiria ukubwa wa bekapu kwenye tepu

Kukadiria ukubwa wa bekapu ni kujua mapema tepu ngapi zitatosha kubeba nakala za data zako kwa muda unaotaka kuzitunza. Unaweza kudhani ni hesabu ya kugawanya tu, mpaka usome sifa za tepu yenyewe. LTO-8, aina ya tepu ya sumaku ya kuhifadhia data iliyotoka mwaka 2017, hutajwa kwa ukubwa wa aina mbili: 12 TB (terabaiti) na 30 TB. Ile 12 ndiyo nafasi halisi. Ile 30 inachukulia kwamba mashine ya tepu itazibana data zako mara 2.5. Mimi huichukulia kama bei ya kwanza ya muuza mitumba.

Kinachoamua ni aina ya data. Maandishi na hifadhidata kwa kawaida hubanika vizuri. Picha za JPEG, video na faili za zip zilishabanwa tangu zilikotoka, hivyo mashine haina cha kupunguza. Data iliyosimbwa (iliyogeuzwa kuwa msimbo wa siri) kabla ya kufika kwenye mashine nayo haibaniki. Ukitaka usiri bila kupoteza nafasi, iache mashine ibane kwanza ndipo isimbe.

Tuseme Windows inaonyesha seva ina faili za 8 TB. Kupanda kutoka kipimo kimoja hadi kingine (KB, MB, GB, TB), Windows huhesabu kwa 1024, watengenezaji wa tepu kwa 1000, kwa hiyo kwa kipimo cha tepu hizo ni kama 8.8 TB. Kila Jumapili unanakili zote. Siku sita zinazobaki unanakili mabadiliko tu, tuseme asilimia 3 kwa siku, yaani kama 1.6 TB kwa wiki. Jumla ya wiki ni 10.4 TB, na ya wiki nne ni karibu 42 TB. Ukigawanya kwa 30 unapata tepu mbili. Ukigawanya kwa 12 unapata nne, na nunua ya tano, maana si busara kufuta wiki ya zamani kabla wiki mpya haijakamilika.

Tena, tepu huandikwa kwa mfululizo. Nakala iliyopitwa na wakati katikati ya tepu inaendelea kula nafasi hadi tepu nzima iandikwe upya, hata kama programu ya bekapu imeshaiondoa kwenye orodha yake.

Programu nyingi pia hukuonyesha baiti zilizotumwa kwenye mashine. Urefu wa utepe uliotumika ni habari nyingine, kwani kubana kunafanyika ndani ya mashine. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kuijaza tepu moja kwa data zako mwenyewe. Zikiingia 15.6 TB kabla LTO-8 haijafika mwisho, uwiano wako ni 1.3, na huo ndio wa kutumia kwenye hesabu mpaka aina ya data itakapobadilika.