Taifa Stars, rais mpya na ukurasa wa mbele

Nimehariri kurasa za mbele kwa muda mrefu. Siku timu ya taifa inapofuzu na wiki za kwanza za rais mpya zinafanana kuliko msomaji anavyodhani: kote kuwili, maswali huwekwa kiporo.

Machi 24, 2019, Taifa Stars, timu ya taifa ya soka ya Tanzania, iliichapa Uganda 3-0 pale Uwanja wa Taifa. Mabao ya Msuva, Nyoni na Morris yakaturudisha AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39. Kesho yake wachezaji wako Ikulu, Rais Magufuli anawaahidi viwanja Dodoma. Hapo mhariri gani atahangaika kutafuta picha nyingine?

Yaliyobanwa aya za mwisho, yakipata nafasi, ni haya. Uganda walishafuzu kabla hata ya kutua Dar. Lesotho wangeifunga Cape Verde siku hiyohiyo, tungelingana pointi nane na wao ndio wangekwenda, maana walitufunga Maseru. Halafu mashindano yenyewe yalikuwa yamepanuliwa kutoka timu 16 hadi 24. Mwaka 1980 tulipokwenda, zilicheza nane tu. Haya hayaufuti ushindi ule, na mimi nilishangilia kama wengine. Yangemwonyesha tu shabiki kiwango cha timu iliyokuwa inapanda ndege. Kule Misri, mashindano yalikofanyika, tukapoteza mechi zote tatu, tena Kenya tuliwatangulia mara mbili wakatufunga 3-2. Julai kocha Amunike akaondoka, na ghafla kila mchambuzi akawa anayajua makosa yake.

Kwenye habari za rais mpya, hasara kwa msomaji ni kubwa zaidi. Novemba 2015 Magufuli, ndiyo kwanza ameapishwa, aliibuka hospitali ya Muhimbili bila taarifa, kisha akafuta sherehe za Desemba 9 ili watu wafanye usafi. Tukio la namna hiyo lina picha, lina nukuu, na linafika mezani kabla kurasa hazijafungwa. Lakini mashine za vipimo za MRI na CT pale hospitalini zilikuwa zimekufa kwa nini? Mkataba wa matengenezo ulisemaje, na nani alikuwa anadai? Habari hiyo inamtaka mwandishi mmoja aachiwe wiki nzima asipewe kazi nyingine, na vyumba vyetu vya habari havina watu wa kuachia.

Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, itapunguza kurusha Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama. Wapinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini. Tuliandika, ndiyo, ila kama Simba na Yanga: nani kambana nani, nani katolewa nje. Mwananchi anayefuatilia mjadala wa bajeti akiwa kijijini hakuonekana humo.

Dawati la michezo, linalodharauliwa sana, angalau lina msimamo wa ligi: ukishinda leo, jedwali bado linakuonyesha uko nafasi ya ngapi. Dawati la siasa halina kitu kama hicho, na ningeanzia hapo: ahadi, tarehe, fedha iliyotengwa, ilipofikia, kila mwezi, hata kama rais hajasema lolote.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Kabla ya picha za viongozi wakikagua nyasi za uwanja mpya wa Arusha, naomba mtu aandike nani atavijaza viti vyake 30,000 mashindano yakiisha, na bili ya kuutunza italipwa na nani.