Kukoroga maana yake nini hasa, na mbona sukari inabaki chini?

Hapa Busia asubuhi unapewa chai ya rangi, unapiga funda la kwanza haina utamu kabisa, la mwisho tamu kama asali, yaani sukari ilikuwepo ila hukukoroga. Wengi tunasema kijiko kinayeyusha sukari. Hapana, kinachoyeyusha ni maji, kukoroga ni kuyahamisha tu.

Chukua glasi mbili zinazoonyesha, tia maji baridi sawasawa na kijiko kimoja cha sukari kila glasi, moja koroga, nyingine usiiguse. Sasa inama uitazame ile usiyoigusa kutoka ubavuni, karibu na chembe za sukari utaona maji yanacheza kama joto juu ya lami saa saba mchana, hayo ndo maji yaliyoshiba sukari, na kwa vile ni mazito yamelala palepale yamezifunika chembe zingine, hayawezi kubeba tena. Kijiko kinayafukuza hayo na kuleta maji yenye njaa.

Ila kukoroga kunaongeza haraka, hakuongezi kiasi. Mililita 100 za maji ya kawaida zinabeba chumvi kama gramu 36, ukizidisha hapo koroga mpaka mkono uchoke, inabaki chini. Na unga wa muhogo wenyewe hauyeyuki kwenye maji baridi, unaelea tu maji yanakuwa meupe, ukiacha unatulia chini.

Uji nao, ukimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, nje ya bonge inaiva kwanza inakuwa kama gundi, ndani unga unabaki mkavu na mwiko haufiki tena, ndo maana mama zetu wanaukoroga na maji baridi kwanza, na wako sahihi kabisa.

Ninachokipenda zaidi ni majani ya chai. Koroga kwa duara chai yenye majani kikombeni halafu toa kijiko, utadhani majani yatatupwa pembeni lakini yanakusanyika katikati chini! Albert Einstein aliandika juu ya hili mwaka 1926: maji yanayogusa kitako cha kikombe yanasuguana nacho yanapungua mwendo, kwa hiyo yanasukumwa kuelekea katikati, yanapanda juu, yanarudi kushuka pembeni. Majani ni mazito hayapandi nayo, ila maji matamu ya chini yanapanda, kumbe unazungusha kijiko duara tu na utamu unafika mpaka juu.