Apdeti imekwama, gari halijafa: uongo tunaoambiana kuhusu magari ya umeme hapa Kampala

Mzee mmoja ana Nissan Leaf kama yangu. Usiku mmoja akatuma faili kwenye grupu letu la WhatsApp, gari lake limegoma kuwaka baada ya fundi kujaribu kuliapdeti, yaani kubadilisha programu zake, dashibodi imewaka taa zote kama duka la simu. Akaandika, "Vijana wangu nisaidieni, fundi anasema kompyuta imekufa, anataka milioni 4." Faili lenyewe lilikuwa la Leaf Spy, ile app inayosoma betri ya gari kupitia kakidude ka blututhi unakochomeka chini ya usukani. Nikalifungua kwenye laptopu nione volti tu, volti nikaziona, lakini kila mstari ulikuwa na saa, na spidi, na namba mbili ndefu, moja inaanza na 0.3 nyingine na 32.6. Mtu wa Kampala ukiona hizo namba ujue ni ramani. Nikajua geti la mzee liko wapi, nikajua anaswali wapi, na nikajua kila Jumanne saa nane mchana gari linasimama Bweyogerere masaa matatu. Banange! Na kwenye grupu tuko watu kama 180, wengine hata hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Sasa naandika haya sababu kila wiki nasikia maneno yaleyale, ya gari na ya siri zetu, na yamechanganyika kwelikweli.

"Apdeti ikikwama, gari limekwisha"

Hili ndilo linalowatajirisha watu. Gari la umeme halina kompyuta moja, lina nyingi, kuna ya skrini, kuna ya betri kubwa, kuna ya mota, ya breki, ya chaji, na kila moja ina programu yake. Moja ikikwama haimaanishi zote zimekwama. Novemba 2023 kampuni ya Rivian ya Marekani ilituma apdeti yenye cheti cha usalama ambacho sicho, wakaikosea wenyewe, watu wakaamka skrini zimegoma, lakini magari yalikuwa yanatembea, ni skrini tu iliyokuwa imelala. Walioiona ile skrini nyeusi wakadhani wamebaki na chuma.

Magari mengi ya sasa yana nafasi mbili za programu, ni kama mtu anayejenga nyumba ya pili uani huku bado analala kwenye ya zamani, mpya ikikataa kusimama unarudi kulala ulikokuwa. Shida iko kwenye zile kompyuta ndogondogo zenye chumba kimoja, hapo ya zamani inafutwa ndio mpya inaandikwa, umeme ukiyumba katikati umebaki nje kwenye mvua. Lakini hata hapo mara nyingi kuna kipande kidogo cha programu ambacho hakifutwi, kazi yake ni kusubiri iandikwe upya, na mwenye kifaa sahihi anaiandika upya na maisha yanaendelea. Kwa hiyo fundi akikwambia "imekufa" muulize kwanza, amejaribu kuiandika tena na kifaa gani? Akianza kuangalia pembeni chukua gari lako uende.

"Gari lina betri kubwa hivyo, litakosaje umeme?"

Ndio swali la mzee, na ndio lililomponza. Ndani ya Leaf, kama magari karibu yote ya umeme, kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, ileile ya magari ya petroli kama Premio na Noah, iko mbele chini ya boneti. Hiyo ndiyo inayolisha kompyuta zote, na ndiyo inayofunga zile swichi kubwa zinazounganisha betri kubwa na gari. Ndogo ikilala, kubwa inabaki imejaa chaji na haiwezi kukusaidia kitu, ni kama una maji kwenye tenki na funguo ya koki imepotea.

Halafu sikiliza hapa. Gari likiwa READY, yaani tayari kuondoka, betri kubwa inaichaji ndogo. Likiwa ON tu, vifaa vinawaka lakini gari haliko tayari kuondoka, haichaji. Fundi wa mzee aliweka ON zaidi ya saa nzima, feni inapuliza, taa zinawaka, redio inaimba, yeye anabonyeza laptopu anapakia programu. Betri ndogo nzima ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6, ya mzee kwenye faili ilikuwa 11.3 na inashuka. Hakuna kompyuta iliyokufa pale, kompyuta zilikuwa na njaa zikaanza kuongea ovyo, taa moja inalalamika breki, nyingine inalalamika usukani, nyingine inalalamika chaji. Fundi anayejua kazi kabla hajagusa programu anaunga chaja ya volti 12 inayoishikilia betri ndogo muda wote, na ukiona hana hiyo chaja usimpe gari, hata kama ni shemeji yako.

Kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, watu wanauliza sana ikiisha katikati ya apdeti itakuwaje. Haihusiani na apdeti yenyewe, gari halitegemei ukuta kuandika programu. Ila kama fundi ameunga ile chaja kwenye soketi ya nyumba na units zinakata, bas mmerudi palepale.

"Itajiapdeti yenyewe kwa WiFi kama Tesla"

Hizi Leaf zetu za mwanzo zinazotoka Japani kupitia Mombasa hazijiapdeti. Mashine yake ya mawasiliano ilitengenezwa kuongea na mtandao wa huko Japani, hapa inatafuta mtu wa kuongea naye na hampati. Programu ya betri na ya mota inabadilishwa kwa kifaa cha Nissan kinachoitwa CONSULT, kinachomekwa kwa waya. Anayekuuzia "apdeti ya WiFi" kwenye bondi, zile yadi za kuuzia magari ya kutoka nje, anakuuzia hewa, na ya kubadilisha Kijapani kuwa Kiingereza kwa flashi moja pia nenda nayo polepole.

"Apdeti inarudisha baa za betri"

Baa ni vile vijistari 12 vya dashibodi vinavyoonyesha betri imebaki na nguvu kiasi gani ya ile ya upya wake. Hapa tukae kidogo, sababu huu uongo una mzizi wa ukweli. Leaf ya kilowati-saa 30 ilikuwa na kasoro ya programu, ilikuwa inahesabu vibaya, inaonyesha betri imechoka kuliko ilivyochoka. Mwaka 2018 Nissan wakatoa programu ya kurekebisha, watu wakapata baa zao. Lakini elewa kilichotokea, betri haikupona, betri haikuwa mgonjwa kiasi kile, ni mizani iliyokuwa inadanganya.

Sasa wajanja wakachukua hadithi hiyo wakaigeuza biashara. Kuna njia ya kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, ikifutwa inaanza kufikiri betri ni mpya, inakuonyesha baa 12 zote zimesimama wima kama askari. Unalipa. Unaendesha wiki kadhaa, kompyuta inajifunza upya ukweli, baa zinaanza kudondoka moja moja na aliyekuuzia hapokei simu. Kwa kawaida baa ya kwanza inaondoka betri ikishuka kwenye asilimia 85 hivi, zinazofuata zinaondoka kila asilimia 6 na kitu, kwa hiyo gari lililokaa barabarani miaka kumi na baa 12 kamili unatakiwa kulitilia shaka kabla ya kulishangilia.

Kipimo changu mimi hakina laptopu. Jaza chaji mpaka mwisho, toka Kampala nenda Jinja, ni kama kilomita 80. Leaf hata ya kilowati-saa 24 yenye baa 12 za kweli inafika na chaji inabaki. Ukiona ile alama ya kobe, ya kwamba chaji iko ukingoni, imetokea kwenye dashibodi na bado uko ndani ya msitu wa Mabira, na nyani wanakuangalia, ujue baa zako zilikuwa za kuchora.

"Namba ya chasisi ni namba tu, haina siri"

Haya, tuje kwenye mdomo wetu. Gari likigoma tunapiga picha kila kitu tunatuma, dashibodi, logbuku, pleti, chasisi, ili tusaidiwe haraka. Februari 2016 mtafiti Troy Hunt alionyesha kwamba app ya Nissan ya kuongea na Leaf haikuwa inauliza paswedi ya kueleweka, ukiwa na namba ya chasisi tu, ile VIN ya herufi na tarakimu 17 inayoonekana kwenye kioo, unaweza kuwasha AC ya gari la mtu aliye nchi nyingine na kuona safari zake. Nissan wakaizima app. Ukasema hiyo ni zamani? Mwaka 2024 watafiti wakaonyesha kwa Kia ilitosha kujua namba ya pleti, kwa kupitia mfumo wa mawakala, ikarekebishwa kabla hawajatangaza.

Za kwetu za Japani hazina hata hiyo VIN ya 17, zina kitu kama AZE0 halafu kistari na tarakimu sita, na app ile hapa haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna wa kukuwashia AC kutoka Norwei. Ila kwa namba hiyo kuna watu wanalipia wanatolewa karatasi ya mnada wa Japani, kilomita za kweli na gredi ya gari. Ukinunua ni rafiki yako, ukiuza na ulishusha kilomita, pole.

"Picha ya dashibodi itaonyesha nini?"

Inategemea umetumaje. Simu ikiwa imeruhusiwa inaandika ndani ya picha ulikopigia. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaiondoa hiyo, ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, inaenda na kila kitu. Na mafaili ya Leaf Spy ndio hayo niliyosema, mahali, saa, spidi, na namba ya gari juu yake. Kabla hujatuma lifungue kwenye Excel, futa safu za ramani na ya VIN, dakika mbili, volti zinabaki na ndizo tunazotaka.

Kingine ambacho watu hawakioni ni ukuta wa nyuma. Unapiga picha ya gari linachaji nyumbani, na mita ya Yaka imo, namba inasomeka. Mtu akiiingiza kwenye mobile money kama anayetaka kulipia, linatokea jina la mwenye mita.

Na "nimeshafuta" haisaidii kivile. Umefuta kwako na kwa wengine ukiwahi, lakini aliyepiga skrinshoti anayo, aliyeihamishia grupu lingine ameshaihamisha. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo Uganda tangu 2019 na ofisi yake ipo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, inawabana wanaokusanya taarifa zako, lakini haina mkono wa kuingia kwenye simu za watu 180 kuchomoa picha uliyoirusha mwenyewe.

"Mimi sitoi kitu, kwa hiyo hakuna anayejua"

Gari lenyewe linaongea. Desemba 2024 ilijulikana Ujerumani kwamba taarifa za magari ya umeme kama 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zimekaa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila ulinzi, na kwa mamia ya maelfu kati yake palikuwepo na mahali gari lilipozimwa. Hao hawakutuma faili popote, walikuwa wanaendesha tu.

Na hata lisiloongea linakumbuka. Leaf yangu nilipoinunua nikabonyeza kitufe cha nyumbani kwenye navigesheni, ikaanza kunipangia njia ya kwenda karibu na Nagoya. Kuna familia huko nilikuwa najua wanapokaa kabla sijajua hata kuzima ile sauti ya dada wa Kijapani. Nikafuta. Jiulize uliyoiuza wewe mwaka jana pale bondi, yenye majina yote ya simu yako, nani anayasoma sasa hivi.

Nimrudie mzee. Sikuandika kitu kwenye grupu, nikampigia. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, kwanza lifute lile faili, halafu kanunue betri ndogo." Akasema betri ataelewa, faili lina nini? Nikamwambia lina ramani. Akanyamaza. Akaniuliza taratibu, "Ramani ya wapi wapi?" Nikamwambia ya kila mahali, Mzee. Akakata simu, na dakika ileile faili likapotea kwenye grupu, kwa wale waliokuwa hawajalidaunilodi.

Betri ndogo akaipata Kisekka, soko la spea, fundi mwingine akaifunga, akaunga chaja yake pembeni akaandika programu upya, gari likawaka siku hiyohiyo, zile milioni 4 zikabaki mfukoni. Juzi katuma faili lingine anauliza kama volti ziko sawa. Ziko sawa, 14.1 gari likiwa READY. Safu za ramani zilikuwa nyeupe kabisa, hakuna geti, hakuna msikiti, na Jumanne ilikuwa siku kama siku nyingine.