Tezi si ugonjwa: kuhusu vifuko vya shingo vya watoto wachanga

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya kliniki ya watoto, bibi mmoja alimfunua mjukuu wake shingo akaniambia, "Huyu kazaliwa na tezi." Alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha moto kila jioni ili iyeyuke. Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Kifuko cha shingo cha kuzaliwa nacho ni mfuko wenye majimaji au ute, uliobaki kwa sababu hatua fulani ya kuumbika kwa mtoto tumboni haikukamilika. Wataalamu huuita sisti, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kibofu. Basi.

Tezi ni kitu kingine kabisa. Ni kiungo. Sote tunazo: za mate, za jasho, za machozi, na thairoidi hapo chini ya koromeo. Kusema mtoto "ana tezi" ni sawa na kusema ana ini. Ndivyo tunavyowafanyia wazee wetu pia, eti "ana tezi dume", wakati kila mwanamume anayo. Kinachomsumbua mzee ni kuvimba kwake. Thairoidi ikivimba, Kiswahili kina neno lake zuri, rovu, na wengi husema goita.

Nakubali kwamba kuchanganya kuna chanzo. Thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, mimba ikiwa na wiki kama 4, kisha hushuka hadi shingoni ikiacha njia nyuma yake. Njia hiyo isipofunga, ute hujikusanya humo, na kivimbe hutokea katikati ya shingo. Mtoto akitoa ulimi, nacho hupanda. Mwaka 1920 mpasuaji wa Marekani, Walter Sistrunk, alieleza namna ya kukiondoa pamoja na kipande cha kati cha mfupa mdogo ulio juu ya koromeo, kwa kuwa njia ile hupita hapo na ikiachwa kifuko hurudi. Kabla ya kupasua hupigwa ultrasaundi kuhakikisha thairoidi ipo mahali pake, maana mara chache kile kivimbe ndicho tezi pekee aliyonayo mtoto. Hapo ndipo jina linapokuwa jambo zito.

Vingine hukaa ubavuni mwa shingo. Cha mjukuu yule kilikuwa kushoto, kuelekea nyuma, laini kama puto lililolegea. Daktari alipoweka tochi kando yake, chote kiliwaka wekundu hafifu. Ni higroma, vifuko vya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu. Kikikua ghafla, au mtoto akihema kwa shida au akishindwa kunyonya, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, bibi, hiyo si tezi. Ukiulizwa, sema ni kifuko cha maji alichozaliwa nacho. Na kile kitambaa cha moto, tafadhali, kiache.