Malindo ya ngome ya Edo, Tokyo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ngome ya Edo ni makazi ya Mfalme wa Japani, huingii bila kibali.
Viwanja vya ndani vya kasri vina ziara yake ya kuongozwa na utaratibu wake wa kujiandikisha. Malindo, yaani nyumba za walinzi wa ngome, yapo kwenye Bustani za Mashariki za kasri, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1968. Kuingia ni bure, ila mkoba hukaguliwa langoni. Wengi hukwama kwa kutoangalia kalenda: kwa kawaida Jumatatu na Ijumaa hufungwa, na saa ya kufunga hubadilika kwa msimu. Mgeni wa mwisho huingia nusu saa kabla ya kufunga.

Dhana: Lango lolote ni sawa.
Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Malango ya bustani ni matatu: Ote-mon, Hirakawa-mon na Kitahanebashi-mon. Ukiingilia Kitahanebashi-mon unatokea moja kwa moja kwenye msingi wa mnara mkuu, na malindo unayakuta kinyumenyume. Pitia Ote-mon, lango kuu la zamani, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya Otemachi. Kwanza utakutana na lindo la Doshin-bansho. Hapo mabwana wa majimbo waliteremka kwenye machela zao waendelee kwa miguu, isipokuwa wakuu wa matawi matatu ya Tokugawa, ukoo wa mashoguni (watawala wa kijeshi wa Japani): Owari, Kii na Mito. Inua macho utazame vigae vya ukingo wa paa, utaona nembo ya Tokugawa. Linafuata lindo la Hyakunin-bansho, kisha, ukishavuka mawe makubwa ya lango la Naka-no-mon, lindo la Obansho. Kadiri ulivyomkaribia shoguni, ndivyo cheo cha walinzi kilivyopanda. Mpangilio huo hauonekani ukitembea kinyume.

Dhana: Hyakunin-bansho lilijaza watu mia kwa wakati mmoja.
Mia ni idadi ya askari wa ngazi ya chini, doshin, katika kila kikosi, chini ya maofisa 20. Vikosi vilikuwa vinne, vikipokezana zamu usiku na mchana. Hata hivyo jengo si dogo: lina urefu wa zaidi ya mita 50. Simama kwenye kona yake moja ndipo utauona urefu huo vizuri.

Dhana: Walinzi wa Iga na Koga, vikosi vya Hyakunin-bansho, walikuwa ninja, yaani majasusi wa siri.
Majina ya vikosi viwili kati ya hivyo ndiyo yanayochochea hadithi hii. Kazi yao hapa ilikuwa ya wazi kabisa: askari wa magobore waliolinda njia ya kuingilia.

Dhana: Bila mnara hakuna ngome ya kuona.
Mnara mkuu wa ngome uliteketea katika moto mkubwa uitwao Meireki mwaka 1657 na haukujengwa tena. Umebaki msingi wa mawe. Kwa hiyo malindo haya matatu ni miongoni mwa majengo machache ya mbao ya enzi za shoguni yaliyosalia humo, na kuyapita mbiombio ukikimbilia msingi mtupu ni hasara kubwa.

Dhana: Unaingia ndani ya malindo.
Hapana, unatazama kwa nje tu.