Umejichoma lini mara ya mwisho?

Mgonjwa anayetumia Ozempic, sindano ya kisukari inayopunguza pia uzito, simuulizi kwanza amepungua kilo ngapi. Namuuliza tarehe ya sindano iliyopita. Wengi hutazama dari.

Mimi ni mfamasia, na wenye kisukari ndio wateja wangu wa kila siku. Insulini wameizoea: ukiisahau, sukari yenyewe itakukumbusha. Semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic, iko kimya zaidi. Unajichoma mara moja kwa wiki, na siku ya saba karibu nusu yake bado imo mwilini.

Hesabu yote iko kwenye hiyo nusu. Wiki ya kwanza umechoma miligramu 0.25. Wiki ya pili imebaki kama 0.125, unaongeza 0.25, unapata 0.375. Ukichoma sindano ya nne, una karibu 0.47. Kalamu ni ileile na dozi ni ileile, lakini mwilini dawa imekaribia maradufu. Ndiyo maana kichefuchefu huweza kumwanza wiki ya tatu mtu ambaye mwanzoni hakuhisi kitu. Wiki hizo nne ni za kulizoesha tumbo, kwa kuwa dawa hii huchelewesha chakula kutoka humo. Inaniuma ninapomwona mtu ameanzia miligramu 1 kwa sababu jirani yake anatumia hiyo.

Basi nunua daftari la shule. Andika tarehe, dozi, mahali ulipochoma (tumbo, paja au mkono wa juu) na kama ulitapika. Ukitumia pia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), andika na vipimo vya sukari, maana hapo ndipo inaweza kushuka mno. Uzito, mara moja kwa wiki yatosha.

Ukisahau Ozempic, una siku 5 za kufidia. Zikipita, subiri siku yako ya kawaida, usichome mbili. Ukikosa wiki kadhaa kwa sababu ya pesa, usirudie dozi uliyoishia kabla ya kuongea na daktari: dawa imeshapungua mwilini na tumbo limesahau.

Iandike pia siku uliyoifungua kalamu. Ikishaanza kutumika haitakiwi kuzidi nyuzi 30, na Dar es Salaam mwezi Februari chumba hupita hapo. Iache kwenye friji, mbali na friza. Ikiganda, itupe.

Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayopenya hadi mgongoni, usiyaandike ukalala. Huenda kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, limevimba. Usichome tena, nenda hospitali saa hiyohiyo, na daftari ulibebe.