Je, wajua kwa nini Wamarekani waliwahi kupanda ndege na nguruwe?

Novemba 2014, kwenye uwanja wa ndege wa Bradley huko Connecticut, mwanamke mmoja aliingia ndani ya ndege ya US Airways amebeba kitu kikubwa begani. Abiria wa kiti cha jirani alidhani ni begi. Kumbe nguruwe, mzima kabisa. Mwenyewe akamfunga kamba kwenye mkono wa kiti, akaendelea kupanga vitu vyake, huku nguruwe akienda mbele na nyuma, na mwishowe akajisaidia papo hapo. Wakateremshwa wote wawili kabla ndege haijaruka.

Kuteremshwa kunaeleweka. Walipitaje getini?

Walipita kihalali. Tangu mwaka 1986 Marekani ina sheria inayozuia mashirika ya ndege kuwabagua watu wenye ulemavu, na kanuni zake zilikuja kumtambua mnyama anayemtuliza mtu mwenye sonona, hofu iliyopitiliza au maradhi mengine ya akili. Mnyama huyo hahitaji mafunzo yoyote; kazi yake ni kuwa karibu na mwenyewe. Kilichotakiwa ni barua ya mtaalamu wa afya ya akili, isiyopitisha mwaka mmoja. Mwenye barua hakutozwa chochote kwa ajili ya mnyama wake. Asiye nayo alilipa zaidi ya dola 100 kwa kwenda tu, na mnyama akae ndani ya kikapu chini ya kiti. Akiwa mkubwa, safari yake ni kwenye shehena.

Wajanja waliona mwanya haraka. Zikazuka tovuti ambako unajibu maswali machache, unalipa, na barua inakufikia kwa barua pepe ikiwa na saini ya mtaalamu ambaye hamjawahi kuonana. Nyingine ziliuza vizibao vya mbwa, kitambulisho chenye picha yake, hata cheti cha kuonyesha kwamba ameandikishwa kitaifa. Ni karatasi tupu. Serikali ya Marekani haina daftari la kuandikisha wanyama wa aina hii, wala haijawahi kuwa nalo.

Chama cha mashirika ya ndege ya nchi hiyo kilisema wanyama wa kutuliza waliosafirishwa waliongezeka kutoka 481,000 mwaka 2016 hadi 751,000 mwaka 2017. Maradhi ya akili hayapandi namna hiyo kwa mwaka mmoja. Kwenye ndege ya Delta iliyokuwa Atlanta, Juni 2017, mbwa wa kutuliza alimng'ata usoni abiria aliyekaa dirishani. Januari 2018 akaja tausi, pale Newark, tena amekatiwa tiketi yake. Shirika la United likamkataa. Watu walicheka sana mitandaoni.

Walioumia hawakucheka. Kuna mbwa wa aina nyingine kabisa, aliyefundishwa kazi maalumu: anamwongoza kipofu, anamwashiria kiziwi kengele inapolia, anamwamsha askari mstaafu anapobanwa na jinamizi la vita. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inamfungulia mlango wa hoteli na duka. Mbwa wa kutuliza tu haimhusu. Kazi anayofanya isipoonekana kwa macho, mhudumu anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya nini? Basi. Hawezi kudai cheti, wala kuuliza unaumwa nini.

Mimi naona maswali hayo mawili yana busara, maana hakuna anayestahili kueleza ugonjwa wake mbele ya foleni. Ila upole huohuo ndio tapeli anaoutegemea. Na mbwa wake asiye na adabu akimrukia mbwa wa kipofu, hasara ni kubwa: kumfundisha mbwa wa kuongoza huchukua muda mrefu na maelfu ya dola, na akishambuliwa vibaya anaweza kuingiwa na woga asifae tena kazini. Kipofu mwenyewe naye huanza kutazamwa kwa jicho la shaka kila anapoingia mgahawani.

Desemba 2020 wizara ya uchukuzi ikaufunga mwanya. Kuanzia tarehe 11 Januari 2021 mashirika hayalazimiki kumpokea mnyama wa kutuliza. Anayelindwa ni mbwa aliyefundishwa, akiwemo wa wagonjwa wa akili.

Uwanja uliobaki ni nyumba za kupanga, na nadhani ndiko hoja ya faraja ilikokuwa na mashiko tangu mwanzo. Mjane mwenye sonona anayeamka asubuhi kwa sababu paka anadai chakula hatafuti kumsafirisha kwa ndege bure. Sheria ya makazi imemlinda mpangaji wa namna hiyo hata kwenye jengo lisiloruhusu wanyama, bila kutozwa ada ya mnyama. Huko nako barua za kununua zimejaa, kwa kuwa ada hizo hulipwa kila mwezi. California iliamua kumbana mtoa barua: tangu Januari 2022, mtaalamu haruhusiwi kumwandikia mtu barua ya mbwa wa kutuliza kabla hajawa mteja wake kwa angalau siku 30. Florida inamhesabu mpangaji anayeghushi kuwa mkosaji wa jinai.

Kwenye ndege, mwenye mbwa aliyefundishwa sasa hujaza fomu ya serikali inayoonya kwamba kudanganya ni kosa la jinai. Inauliza chanjo ya kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo na jina la aliyemfundisha. Barua ya daktari wa binadamu haiulizwi, na mwenye mbwa anaruhusiwa kuandika kwamba amemfundisha mwenyewe.